Mzinga Usio wa Nyuki

Shuleni, Awindiri, Arua
14 Julai 2024

Kaka Swaibu,

Salamu zipo, ila zisubiri kidogo mlangoni. Kwanza nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Kevina anayelala kitanda cha juu yangu na kunisimulia kila ndoto yake.

Siku ile ya likizo kule Aroi, mzinga wetu wa bomba, wa kufukuzia nyani, ulipolia mara ya kwanza, kipande cha mhogo kikavuka shamba lote la Baba na kuanguka ng'ambo ya kijito. Nyani walikimbia, na wewe ulikimbia. Mimi nilisimama. Nilifurahi, Swaibu. Mwalimu akiniuliza swali sauti yangu haifiki dawati la pili, lakini siku ile nilikuwa nimetengeneza sauti iliyofika mpaka kanisani. Bibi alipoisikia alianza kukusanya sufuria zake, akauliza safari hii tunakimbilia Kongo au Sudani. Katika ukoo wetu hakuna anayefurahia mlio wa namna ile. Kwa hiyo nilijifungia jikoni nikacheka peke yangu, mdomo umezibwa kwa kanga.

Nakuambia haya ili ujue unayemsingizia ni nani. Ule mzinga nilikuwa naupenda.

Sasa salamu. Shangazi, mama yako, hajambo? Najua hataki kusikia jina langu, lakini mwambie bado nakumbuka karanga zake: alinipimia kopo moja, akaongeza konzi mbili, akaongeza tena mpaka mfuko ukapasuka njiani. Mdogo wako Poni anaendeleaje na jicho? Huku Bibi anakohoa, Baba amenunua mbuzi mwenye pembe moja, na sisi tunalishwa maharage kama kawaida.

Baba alikuja shuleni Jumatano. Alikataa kiti. Unajua akikasirika huacha Kilugbara na kuingia Kiswahili cha kambini. Akasema mbele ya mwalimu wa zamu: "Wewe uliniambia mzinga. Mimi nikanunua bomba, najua mtoto wangu anataka kufuga nyuki. Kumbe ni mzinga ya vita!"

Nikasema, "Baba, ni mzinga."

"Asali iko wapi?"

Mwalimu wa zamu alicheka. Mimi sikucheka. Neno lenyewe lina matumbo mawili, na ni kweli niliposema mzinga Baba akafurahi, sikumuuliza amefurahia tumbo lipi.

Lakini si hilo lililonikasirisha. Baba anasema wewe, Swaibu, umeeleza kila kitu: kwamba mlifuata hesabu ya Driwaru, na hesabu ya Driwaru ikamchoma Poni. Ukoo utakaa kikao Aroi mwezi wa kumi na mbili. Kama hakutakuwa na neno jipya, sirudi kumaliza kidato cha sita. Nitapelekwa kwa Mama Pasca nikashone sare za watoto.

Hesabu yangu haikuwa na kosa. Kabla hujaubeba mzinga kwenda nao Koboko, tulipiga pale Aroi mpaka mhogo ukatuishia. Ule mstari mwekundu niliouchora kwa rangi ya kucha kwenye bomba la sindano la kupimia petroli haukutuangusha hata mara moja. Kwa hiyo nijibu mambo mawili tu. Mlifuata mstari? Na mzinga ulipokataa kulia, ulifanya nilivyokuagiza, kuulaza chini na kwenda zako?

Shuleni hakuna simu, na simu ya kwenu iko mfukoni mwa Shangazi. Mpe Marino dereva jibu, lori lake hupumzika karibu na ua wetu kila akitoka mpakani Oraba.

Ndugu yako,
Driwaru

*

Koboko
3 Agosti 2024

Dada mwanafunzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku ni wazima, Mungu anasaidia. Mama iko barabarani na chupa zake za petroli kama siku zote, wateja wanamwita Mama Nyongeza, wanaruka meza tatu za wengine kuja kwake. Baba na mke wake mdogo wazima. Poni ametoka hospitali. Jicho ya kulia nzuri. Ya kushoto anasema anaona kama mtu amevaa mfuko ya nailoni kwa kichwa. Anacheka, unamjua. Mbuzi ya pembe moja msichinje kabla mimi sijaiona.

Nyani wamejua mzinga imekufa. Sasa wanakuja mchana, wanakula mahindi wakiangalia nyumba yetu kama watu wako kwa hoteli.

Barua yako ina maneno makali. Mimi sikumwambia Mjomba hesabu ni mbaya. Nilimwambia tulifuata hesabu ya Driwaru. Kama amesikia ingine, ni masikio yake.

Unauliza mstari. Tulipima vizuri. Mpaka kwa mstari mwekundu, haikupungua hata tone. Nikasukuma mhogo ndani, nikafunga mfuniko ya nyuma. Poni akaomba abonyeze kile kidude cha cheche, nikampa. Akabonyeza, kimya. Akabonyeza tena, kimya. Nikasema labda petroli haikuingia. Nikafungua mfuniko nione. Poni akaja kuchungulia na yeye, kidole bado iko kwa kidude, anabonyeza tu, ta, ta, ta.

Haikulia kama kule Aroi. Ilisema fuuu, moto ya njano, ikatoka kwa mlango ya nyuma. Uso ya Poni ikawa nyeusi na masizi. Nilidhani ngozi yote imeungua, mpaka uso ilipooshwa.

Ndiyo, ulisema nisifungue. Nilifungua. Hiyo ni yangu na kila nikimwangalia Poni naijua. Sasa umejua, acha.

Swaibu

*

Awindiri
11 Agosti 2024

Kaka Swaibu,

Aleikum salaam. Bibi amepunguza kukohoa. Mbuzi amekula ukurasa wa Biblia ya Baba na hakuchinjwa, sijui kwa nini mimi sipati huruma ya mbuzi. Mwambie Poni Kevina anamtengenezea kofia yenye ukingo mpana, jua lisimwumize.

Nimeisoma barua yako mpaka imelegea mikunjo. Nimelia kwa ajili ya Poni. Halafu nimekasirika, na bado nimekasirika ninapoandika.

Umeandika kwamba petroli haikupungua hata tone. Nani alikuuliza kama ilipungua?

Sikiliza, maana Aroi nilipoeleza ulikuwa unachonga mhogo. Ndani ya bomba kuna hewa, na hewa ile haiongezeki. Mvuke wa petroli unahitaji hewa ya kutosha ili uwake wote kwa mara moja, bu!, kisha kwisha. Ukiweka mvuke kidogo sana hauwaki. Ukiweka mwingi sana hauwaki vilevile, kwa sababu umeikosesha hewa nafasi. Unabonyeza, unabonyeza, unadhani umekufa. Haujakufa, umeshiba kupita kiasi, unangoja kupumua. Wewe ukafungua mfuniko, ukaupa pumzi. Hewa ikaingia kidogo kidogo mpaka ikatosha, na Poni bado anabonyeza.

Kipimo changu kinasema bu. Chako kilisema fuuu. Kipimo changu hakiachi masizi, ulipitisha mkono ndani ya bomba pale Aroi ukasema, "Dada, safi kama sahani ya Idi." Poni alikuwa mweusi uso mzima. Masizi ni petroli iliyokosa hewa, Swaibu. Haiwezi kuwa kitu kingine. Ndani ya ule mzinga mlitia zaidi ya mstari, tena zaidi sana.

Tena kuna jambo dogo. Umeandika "tulipima". Halafu umeandika "nikasukuma", "nikafunga", "nikafungua". Kila kitu umefanya peke yako isipokuwa kupima. Kupima ni "tu". Wewe na nani? Poni ana miaka tisa, usiniambie ulimpa petroli.

Sikutaka kusoma fizikia ili niwe hodari, nasoma kwa sababu ni mahali pekee ambapo kitu kikiwa kweli, ni kweli hata kama anayekisema ana sauti ndogo. Sasa ukoo mzima unasema hesabu yangu ni ya uongo, na wewe unajua si ya uongo, na umenyamaza.

Nijibu upesi.

Driwaru

*

Koboko
22 Septemba 2024

Dada,

Salamu. Mvua ilikata barabara, Marino hakupita, ndiyo maana nimechelewa. Hiyo ni kweli, muulize. Mama mzima. Poni amerudi shule, wenzake wanamwita Makaniki kwa sababu ya ule uso wa masizi. Amependa jina.

Usinishike kwa herufi mbili. Wewe Kiswahili yako ni ya kitabu, mimi yangu ni ya soko na ya wajeshi. Sisi tunasema "tu" hata mtu akienda chooni peke yake.

Mimi nilipima. Mimi peke yangu. Haya, umefurahi?

Lakini kwa kikao sitasema petroli ilizidi. Nikisema ilizidi wataanza kuuliza ilizidi namna gani, kwa mkono ya nani, Poni ataulizwa na yeye. Wacha tuseme ni hesabu. Hesabu haina uso. Watu wakilaumu hesabu, hakuna mtu analala nje.

Swaibu

*

Awindiri
30 Septemba 2024

Swaibu,

Bibi anakusalimu. Kevina amemaliza kofia, iko ndani ya bahasha hii, ni ya Poni, usiivae wewe.

Hesabu ina uso. Ni huu wangu.

Ni mimi ninayekwenda kwa Mama Pasca kuinamia cherehani, si hesabu. Jumamosi iliyopita Baba alinipeleka nikaonyeshwe. Mama Pasca alipima mabega yangu kwa utepe, akasema, "Mikono mirefu, atafaa." Akamwuliza Baba, "Ndiye huyu wa bomu?" Baba angesema hapana, hata kwa kichwa tu, ningemsamehe mambo yote. Alitazama nje, kwenye pikipiki yake.

Na wewe unaniandikia eti kwenu husema "tu" hata chooni! Barua zako zote nimezihifadhi. Hakuna mahali pengine umefanya hivyo. Huandiki "tulikula", unaandika "nilikula", tena unataja na nyama. Unajificha nyuma ya Kiswahili kibovu kama mtoto nyuma ya pazia, na miguu inaonekana.

Nani atalala nje, Swaibu? Umeandika hivyo mwenyewe: hakuna mtu analala nje. Hesabu ikiacha kulaumiwa, kuna mtu atafukuzwa. Si wewe, baba yako hawezi kumfukuza mwanawe wa kwanza kwa sababu ya tone la petroli. Si Poni. Nyumba ile mchana, baba yako akiwa sokoni, mke mdogo akiwa kwao, mna watu wangapi? Mikono yako ilikuwa na udongo wa mhogo. Ungemwita nani akushikie bomba la sindano? Na petroli mnaitoa wapi, kama si kwenye chupa za

Nimeandika mpaka hapo nikaweka kalamu chini. Nimekwenda kunywa maji, nimerudi.

Ni nani katika Koboko yote ambaye hawezi kufika kwenye mstari akaacha?

Nisamehe sijafuta mstari ule. Sina karatasi nyingine.

Driwaru

*

Koboko
17 Novemba 2024

Dada Driwaru,

Nimekaa na barua yako muda mrefu. Niliichoma. Usikasirike, niliichoma ili isisomwe.

Wote wazima. Kofia imemkaa Poni vizuri, anaoga nayo.

Usimwandikie. Nakuomba kwa jina la Bibi. Yeye hajui. Alivuta petroli, akanipa, akarudi barabarani kwa wateja, hakuona kilichotokea. Yeye anadhani ni mashine yako. Kila jioni anamwosha Poni jicho, anailaani mzinga, na akimaliza mzinga anakulaani wewe. Mimi niko palepale nashika beseni.

Unajua nyumba yetu. Yeye ni Mlugbara ndani ya Wakakwa, na mke mdogo alisema hospitali, mbele ya watu, "Mtoto ameunguzwa na akili ya wajomba." Watu walicheka kidogo, ikapita kwa sababu wewe iko mbali. Wakijua ni mkono ya mama mwenyewe, haitapita. Baba ni mtu mzuri lakini iko na masikio laini.

Wewe iko na kichwa. Hata ukienda kwa cherehani, mwaka mmoja, utapata njia ingine, Mungu hafungi kichwa. Yeye iko na nini? Iko na lile jina tu. Watu wanakuja kwake kwa sababu hajawahi kumpa mtu kipimo kavu. Utamwambia kwamba kile kitu watu wanampendea ndicho kimemchoma Poni? Atakufa.

Mwache. Mimi nitakaa na deni lako maisha yangu yote.

Swaibu

*

Koboko, nyumbani kwenu
13 Desemba 2024

Kaka Swaibu,

Poni mzima, baba yako mzima, kuku wenu wa kijivu ametotoa vifaranga na mmoja hana mkia. Hizo ndizo salamu. Naandika nikiwa nimekaa kwenye kitanda chako, kwa maana ulipomsikia Marino akisema ninakuja, Oraba ikakuhitaji ghafla. Anasema unawabebea mawakala wa forodha karatasi kutoka lori hadi lori, na kwamba unakimbia sana kwa kazi ya kutembea.

Sikukuandikia kabla ya kuja kwa sababu ungenizuia. Nitasema nilichofanya, kama nilivyokifanya.

Nilifika jana asubuhi. Mama yako alikuwa nyuma ya meza yake ya chupa. Hakunipa mkono. Akaziambia chupa, "Mwanafunzi amekuja. Amekuja kumalizia jicho ya pili?"

Sauti yangu ilijificha. Akasema, "Ongea kwa nguvu. Hapa kuna malori."

"Shangazi, siku ile nani alivuta petroli?"

"Mimi!" alisema. "Nani mwingine? Swaibu mikono yake matope matupu. Akasema, mama, vuta mpaka kwa laini nyekundu. Nikavuta."

"Ukafika kwenye mstari ukaacha?"

Akanitazama kama niliyemtukana. "Mimi, niache kwa laini? Kitu ya mtoto wa kaka yangu itoke kavu namna ile, kama petroli ya Mama Soka pale ng'ambo ya barabara? Niliongeza! Nikaongeza tena! Petroli yangu, sikumwomba mtu! Na pamoja na hiyo yote, mashine yako ikamchoma mtoto wangu. Ndiyo shukrani yako hiyo."

Swaibu, nilikuwa nimekuja na maneno mengi ya hasira. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Yote yalinitoka. Kwenye meza palikuwa na taa yake ya mafuta, ile anayouzia jioni. Nikaiweka katikati yetu.

"Shangazi, ukipandisha utambi wa hii taa kupita kiasi, inafanyaje?"

"Inatoa moshi. Kila mtu anajua."

"Na kioo?"

"Kioo inakuwa nyeusi."

"Uso wa Poni ulikuwaje?"

Alichukua taa, akaigeuza, akapitisha kidole ndani ya kioo, akakitazama kile kidole. Mwenye pikipiki alikuja akasimama. "Mama Nyongeza, chupa moja." Akammiminia kwa mkono uliozoea, macho yakiwa kwingine. Chupa ikaisha. Yule mtu akabaki amefungua tangi. "Mama, na ile yangu?"

Mkono wa mama yako ulikuwa umesimama hewani.

"Driwaru," alisema. Tangu mwezi wa sita alikuwa hajalitaja jina langu. "Mpe."

Nikachukua kopo dogo, nikampa nyongeza yake. Akaenda.

Halafu aliniuliza kama wewe unajua. Nikasema unajua. Akauliza tangu lini. Ningeweza kudanganya. Nikasema tangu barua yangu ya Agosti. Hakufa, Swaibu. Uliniambia atakufa. Alisimama mpaka kiti kikaanguka.

"Miezi yote hii namlaani mtoto wa kaka yangu kila jioni, na mtoto wangu ameshika beseni, anasikia, ananyamaza, halafu anakula ugali yangu?" Alizungumza nami lakini alitazama barabara ya Oraba. Baadaye alikaa chini palepale, juu ya jerikeni, akajifunika uso kwa kitambaa chake. Alilia muda mrefu. Mimi niliuza. Kuhusu mke mdogo alisema kitu kimoja tu: "Akiongea, aongee. Mdomo yake haijawahi kunipa chakula." Sijui kama aliamini hivyo au alikuwa anajifunza kuamini.

Alipomaliza, alinawa uso, akaniambia, "Angalia chupa," akasimamisha lori la kwanza linaloelekea Arua. Simu yake ameisahau mezani.

Jioni ikalia. Ni Baba. Alianza kwa Kilugbara, taratibu, nikajua hasira imemwacha.

"Shangazi yako yuko hapa. Amesema." Nilisikia mbuzi. "Amesema mbele ya Bibi na mbele ya Mzee Ocama wa ukoo. Kikao hakuna tena." Mbuzi akalia tena. "Ule mzinga wako. Ulifika wapi?"

"Ng'ambo ya kijito, Baba."

"Ng'ambo!"

"Ndiyo."

"Hm," alisema. Halafu, "Shule wanafungua lini?"

Hakuomba msamaha, nami sikuutaja. Nilimwambia Februari.

Bado nimekukasirikia. Usidhani nikirudi shule itaisha. Ulipima, Swaibu, wewe ndiye uliyepima safari hii. Uliniweka mimi upande mmoja na mama yako upande wa pili, ukaona mimi ndiye mwepesi, kwa sababu sipigi kelele. Ningeweza kukuelewa kwa siku moja, hata kwa wiki. Miezi minne siielewi. Rudi nyumbani umwone mama yako kabla hajakufuata huko Oraba, maana amesema atakufuata, na malori yote yanamfahamu.

Leo asubuhi nyani walikuja. Walikaa kwenye mstari wa kwanza wa mahindi, mchana kweupe, kama ulivyoandika. Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikautoa mzinga pale ulipoutupa. Nilivunja sehemu yote ya nyuma kwa jiwe, mfuniko na kidude, nikavitumbukiza chooni ili mtu asije akavitumia tena. Likabaki bomba refu tupu. Poni alinifuata, kofia kichwani. Tukaenda ukingoni mwa shamba. Niliweka mdomo kwenye bomba, nikaita.

Sauti ilitoka ndogo. Nyani mmoja aligeuka, akaendelea kula.

"Dada," Poni alisema, "ongeza."

Nikaongeza.

Driwaru